Koti Jeusi Kwenye Theluji

Ukuta wa hoteli ya Muchiri, pale mtaa wa Pioneer, Eldoret, ulikuwa umekamilika wote isipokuwa mtu mmoja. Theluji ilikuwepo. Miti ilikuwepo, saiprasi zilizobebeshwa weupe mpaka matawi yakainama. Mnyama mkubwa alikuwepo, mwenye pembe pana kama sepetu, amegeuza shingo kusikiliza. Wazungu watatu wawindaji walikuwa wameshapata ndevu, bunduki na macho. Lakini katikati yao na yule mnyama palikuwa na umbo la mtu lililochorwa kwa chaki tu, halina uso wala nguo, na kila aliyeingia kula alikuwa akiuliza huyo ni nani.

Mabonga, mchoraji mwenyewe, zamani alikuwa akijibu kabla hujamaliza kuuliza. "Huyo ni Jeconia wangu. Ngoja nimpake, utamwona." Siku hizi akiulizwa anajifanya anatafuta brashi.

Kazi yake unaijua hata kama humjui. Ukiona ng'ombe kwenye bucha amevaa aproni, anatabasamu huku ameshika kisu cha kumchinjia mwenyewe, huyo ni wa Mabonga. Vichwa vya kinyozi vyenye nywele bapa, malaika wa makanisa, simba wa baa, ni yeye. Na misalaba ya makaburi pia: jina, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa, herufi zimenyooka bila rula. Ana desturi moja aliyofundishwa na fundi wake wa kwanza, nayo ni kwamba watu hupakwa mwisho. Kwanza mbingu, kisha ardhi, miti, wanyama, ndipo watu, kwa sababu sura ya mtu ikishakaa ukutani kila mpita njia huigusa kwa kidole na kuichafua. Desturi hiyo ndiyo iliyomwacha Jeconia akiwa chaki.

Wazo la theluji lilikuwa la Muchiri. Muchiri ni Mkikuyu mwenye bucha na hoteli, mtu mzuri lakini haambiliki. Jeconia, mwanawe Mabonga, alipokwenda Uswidi kufanya kazi ya msitu, alikuwa akituma picha kwa simu, na Mabonga si mtu wa kuangalia picha peke yake. Alizungusha simu meza kwa meza. Muchiri aliishika, akaangalia ule weupe usio na mwisho, kisha akaangalia ukuta wake, uliokuwa na simba aliyebanduka mpaka akabaki na miguu miwili.

"Fundi, nimechoka na simba," akasema. "Kila baa ya Eldoret iko na simba. Nipatie hii. Mtu akae hapa na mbuzi yake moto, akiangalia baridi ya watu wengine."

Sasa, Mabonga hajawahi kuona theluji, na wewe na mimi je? Alichokuwa nacho ni asubuhi moja ya Julai kule Ainabkoi, alipokwenda kuandika duka la mbegu akakuta mashamba ya viazi yamefunikwa sakitu, ule umande ulioganda, majani yameungua na ardhi inalia chini ya gambuti. Aliichukua asubuhi ile akaitandaza ukuta mzima. Alichanganya nyeupe na buluu kidogo, kidogo sana, mpaka ukiitazama unataka kufunga vifungo vya shati. Mbwa wa wawindaji alimchora kwa kumwiga yule mbwa wa Muchiri anayelala karibu na gogo la kukatia nyama, kwa hivyo ni mbwa wa Uswidi lakini mkia ni wa Pioneer. Sungura alimpaka mweupe juu ya nyeupe, ukabaki kumjua kwa macho tu. Wateja walibishana. Mmoja alisema yule mwenye pembe ni kongoni aliyelishwa vizuri. Mwingine akauliza anakula nini na nyasi zote zimezikwa. Siku hizo ukuta ule ulikuwa wa kucheka.

Shida ilikuwa riflekta.

Kila picha ya Jeconia ilikuwa na riflekta, kile kizibao cha kung'aa, ya rangi ya machungwa inayochoma macho, na kofia ya rangi hiyo hiyo. Kule, msimu wa kuwinda ukifika, mwenye msitu alikuwa akiwapanga wafanyakazi wake mstari mmoja, wapite katikati ya miti wakipiga kelele na kugonga vijiti ili wanyama wakimbilie upande wa wenye bunduki. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Jeconia na rafiki yake Odera, kijana wa Kesses aliyesafiri naye. Rangi ile ilikuwa ya kuonekana. Mwenye bunduki akiiona kati ya miti anajua hapo kuna mtu. Jeconia alimweleza baba yake hayo yote, vizuri, kwa subira.

Lakini Mabonga alikuwa ameshaambia hoteli nzima kwamba mwanawe ni mwindaji. Na ng'ambo ya barabara kuna steji ya bodaboda, na vijana wa steji wanavaa nini? Riflekta ile ile. Siku walipoiona picha walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki.

"Mzee, kumbe Jeko alienda majuu kubeba watu?" wakamwuliza. "Mwambie hapa steji bado tuko na nafasi."

Mabonga alicheka nao, na ndani ikamuuma. Mtu amechora ng'ombe za wenyewe maisha yake yote, amepata kitu kimoja tu cha kujivunia, halafu kinavalishwa nguo ya boda. Jioni hiyo akampigia Jeconia simu.

"Nitumie picha moja safi ya ukuta," akamwambia. "Uko huko huko porini, theluji iko nyuma yako. Lakini hiyo kitu ya boda utoe. Vaa ile koti nyeusi mama yako alikuchagulia."

"Baba, tukiwa porini hatutoi. Ni sheria ya huku."

"Dakika moja tu, Jeconia. Ama unataka nikuweke ukutani wanicheke kila siku?"

"Sawa baba," Jeconia akasema. "Nitajaribu."

Siku ya kuwinda ilipofika, picha ikaja, na ilikuwa picha safi kweli. Kijana amesimama wima, koti jeusi limekaa mabegani kama lililoshonewa yeye, theluji nyuma yake, na anatabasamu kile kitabasamu cha mtu anayetaka kumaliza haraka. Rangi ya machungwa haionekani popote. Mabonga aliizungusha meza kwa meza, akavuka barabara akawaonyesha watu wa steji, akarudi akaagiza chai nyingine. Alipokuwa akiinywa, Jeconia alikuwa ameshaanguka mahali fulani katika ule weupe. Mtu mwenye bunduki aliona kitu cheusi kinatembea kati ya miti.

Odera alimpigia Mabonga peke yake. Alilia kwanza, ndipo akasema.

"Mzee, hii nakuambia wewe tu. Alinipa simu nimpige picha, nikampiga. Hiyo riflekta aliikunja akaiweka ndani ya koti, isionekane. Akasema atavaa tukifika mahali pa kuanzia. Halafu tukaitwa mbio, na kila mtu akaanza kutembea. Ilipatikana hapo ndani ya koti, Mzee. Polisi wa huku wameandika tu hakuwa amevaa. Mama sitamwambia mimi. Wewe utajua vile utafanya."

Mabonga hakufanya lolote. Unaweza kudhani hiyo si kazi, lakini jaribu kuifanya kila siku, asubuhi mbele ya uji na jioni mbele ya sima, huku mtu anakuangalia.

Anayemwangalia ni Nabwire, mkewe, anayeuza mitumba sokoni. Koti lile alilichagua yeye mwenyewe siku alipofungua belo la nguo, akalificha wateja wasilione, akalipiga pasi na kulikunja ndani ya begi la Jeconia. Aliposomewa ripoti ya polisi kwamba mwanawe hakuwa amevaa riflekta, alipata maana yake papo hapo: siku hiyo walimnyima. Wale wazungu walikuwa na riflekta za kutosha, wakampa Odera, wakamnyima mtoto wake. Na Odera naye aliona, akanyamaza, akavaa yake akatembea. Hayo aliyasema nyumbani, akayasema kanisani, akayasema sokoni. Odera alipompigia simu, Nabwire alimkatia. Mama yake Odera alipokuja kutoka Kesses kutoa pole, amebeba maziwa, Nabwire hakunyanyuka kitini, na mkono ulionyooshwa ukarudi ulikotoka.

Mabonga alikuwa amekaa hapo hapo. Alimwona yule mama akitafuta mahali pa kuweka yale maziwa. Akaangalia sakafu.

Walimzika Jeconia kwao Kiminini. Picha ilikuwa ile ile moja, ya koti jeusi: kwenye programu, kwenye fulana za binamu zake, kwenye fremu mbele ya jeneza. "Alikuwa smati, jameni," watu walimwambia Mabonga, mmoja baada ya mwingine, wakimshika bega. "Angalia vile amesimama." Nabwire alishika maikrofoni akasema mtoto wake aliuawa na watu waliomnyima kipande cha kitambaa, na watu wakaguna, na Mabonga, aliyekuwa amemshikia mwavuli, akatikisa kichwa kukubali. Msalaba aliuandika yeye. Jina lilianza vizuri, kisha herufi zikashuka, zikashuka, mpaka ya mwisho ikakaribia ukingo wa mbao. Watu wakasema ni uchungu wa baba. Ulikuwa uchungu wa baba, ila hawakujua ni wa baba wa aina gani.

Waliporudi Eldoret, Muchiri alingoja vile mtu mwenye adabu anavyongoja, halafu akaja.

"Fundi, pole tena. Lakini hiyo kivuli ya chaki inasumbua watu wakikula. Kama huwezi, niambie tu, nipake nyeupe juu yake iwe theluji."

Mabonga alitaka kusema, "Paka tu." Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini Nabwire alikuwa amesikia, na yeye ndiye aliyejibu.

"Usipake kitu," akamwambia Muchiri. "Baba Jeconia atamaliza mtoto." Kisha akamgeukia mumewe. "Mpake na ile koti. Nikienda soko asubuhi nitakuwa nampitia hapo. Kiminini ni mbali, siwezi kuwa naenda kaburini kila siku. Jumapili nikitoka kanisa nakuja kumwona."

Jumapili asubuhi hoteli ilikuwa tupu. Muchiri alikuwa jikoni na moto wake. Mabonga alipanga makopo chini ya ukuta, akafungua la rangi nyeusi, akalikoroga muda mrefu kuliko rangi yoyote inavyohitaji, akasimama mbele ya mwanawe wa chaki.

Hapo ndipo alipoona kazi aliyoifanya. Mchoraji mzuri huwa anapanga mambo yake yakubaliane, na yeye alikuwa amepanga vizuri. Bunduki tatu zote zilielekezwa upande mmoja, macho ya wale wazungu yakifuata, na njia yote ya macho yale ilipita juu ya kifua cha lile umbo kabla haijamfikia mnyama. Alikuwa amewachora hivyo wakati Jeconia yuko hai, akifurahi jinsi mistari inavyokutana. Sasa alitakiwa amvalishe nyeusi, amsimamishe pale, na amwache. Akaketi juu ya kopo. Alijua wazi kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe, si kwa mfano, si kwa namna ya kusema, bali kwa mdomo wake huu, kwa ajili ya vijana wa boda wasiomdai chochote. Alilisema neno hilo polepole, kwa sauti, alisikie. Muchiri alikuwa akikata vitunguu, hakusikia.

Kisha akafunika jeusi. Alikuwa na kopo la rangi ya machungwa alilobakiza kwenye kazi ya kioski cha juisi, akalifungua. Alimvalisha Jeconia riflekta. Aliipaka nzito, akarudia, akaweka mistari ya kijivu kifuani na mabegani, akamvika na kofia. Akampaka uso, macho, na kile kitabasamu, lakini si cha haraka. Alipaka mpaka kijana akaonekana kutoka barabarani, mpaka theluji yote ikawa inamzunguka yeye, na wale wazungu watatu wakawa watu waliokwisha kuona kwamba hapo kuna mtu. Kwa muda mfupi akapumua. Ulikuwa upumbavu, na alijua ni upumbavu, lakini alipumua.

Kijana mmoja wa steji alivuka akaja mlangoni. Alitazama ukuta, akatazama kifua chake mwenyewe. Hakucheka. Alivua helmeti, akasimama kidogo, akaondoka.

Nabwire alikuja na kitambaa chake cha kichwa cha akina mama wa kanisa, mkoba begani. Alikuwa amejiandaa kulia, leso ilikuwa tayari mkononi. Alitazama ukuta na leso ikabaki mkononi.

"Huyo ni nani?"

"Ni Jeconia."

"Jeconia gani? Mimi nilikuambia koti."

"Mama Jeconia, angekuwa na hii siku hiyo, angekuwa hai."

"Si najua? Si ndiyo walimnyima?"

Ilikuwa rahisi. Shingo ilikuwa imeshazoea kukubali, ilikuwa karibu kujitikisa yenyewe. Angesema ndiyo, walimnyima, nimempa mimi, na mama huyu angelia, angemshika mkono, wangerudi nyumbani wakiwa wawili. Maisha yao yote yaliyobaki yalikuwa ndani ya neno hilo. Mabonga alifungua mdomo alitoe, likakataa.

"Hawakumnyima," akasema. "Alikuwa nayo. Aliivua apigwe picha."

"Picha gani?"

"Hiyo tunayo."

Nabwire hakuelewa, au alielewa na akataka aelewe polepole. "Kwa nini mtoto avue?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

Akamweleza. Alimweleza steji, alimweleza kicheko, alimweleza simu. Alimweleza riflekta iliyokunjwa ndani ya koti lile lililopigwa pasi. Nabwire alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei, bila uso kubadilika.

"Yeye alisema nini, ulipomwambia avue?"

"Alikataa. Alisema ni sheria."

"Na wewe?"

"Nikasema dakika moja."

"Sema tena."

"Nikasema dakika moja tu."

"Odera anajua?"

"Anajua. Ndiye aliniambia. Alikuficha kwa sababu yangu."

Nabwire aliangalia mkono wake wa kulia, ule ambao haukunyanyuka kwa mama Odera. Aliufungua na kuufunga. Mabonga alingoja apigwe. Aliomba apigwe. Kama angempiga, au angepiga mayowe watu wa steji waje, kungekuwa na kitu kinachoendelea baina yao. Lakini Nabwire alivuta kiti, akaketi mbele ya ukuta, akaweka mkoba juu ya magoti.

"Futa hiyo," akasema.

"Nabwire."

"Futa hiyo rangi. Hukumtaka nayo. Mpake vile ulimtaka."

"Mama, tafadhali. Mwache hivi. Nitakuwa nampitia na mimi pia. Mwache nimwone hivi."

"Akiwa hai ulimvua," Nabwire akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida, ile ya kumwambia mteja hakuna saizi. "Sasa amekufa ndio unamvalisha? Hapana. Chukua nyeusi."

Mabonga alilia. Alilia akiwa amesimama, brashi mkononi, kilio kibaya cha mtu mzima kinachotoka puani. Nabwire hakumtazama yeye, alitazama ukuta. Kilipokwisha, alikuwa bado amekaa vile vile, mkoba magotini. Basi akainama, akafungua kopo.

Rangi ya machungwa ilikuwa bado mbichi. Nyeusi ilipogusa, zilichanganyika zikawa matope, na ilimbidi afute kwa kitambaa, apake, afute, apake tena. Kila alipodhani imefunika, rangi ya machungwa ilichungulia begani au kwenye mkunjo wa mkono, na Nabwire alinyoosha kidole akamwonyesha. "Hapo. Na hapo." Alimvua kofia. Alimwekea kola, vifungo, mifuko, vyote kama vilivyokuwa kwenye picha, kwa sababu mkono ulivijua. Kijana akaanza kutoka kwenye mwanga, akarudi kati ya miti, akawa kitu cheusi kwenye theluji.

Nabwire alinyanyuka. Alikaribia, akamgusa mwanawe shavuni kwa kidole kimoja, rangi ikamshika.

"Naenda Kesses kwa mama Odera," akasema. "Usinifuate. Na nikirudi kutoka huko, sijui kama nitarudi kwako."

Akatoka. Mabonga alimsikia akizungumza na kijana wa boda, akasikia pikipiki ikiwaka na kuondoka. Hakugeuka. Alikuwa ameukabili ukuta, na wale wazungu watatu walikuwa wamemkabili mwanawe, kwa yale macho mazuri aliyowapa.

Muchiri akatoka jikoni akipangusa mikono kwenye aproni. Alirudi nyuma hatua chache apate kuona vizuri, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, akaridhika.

"Smati sana, fundi," akasema. "Sasa imekamilika."